Udongo wa Namna Tatu: Safari Yetu Katika Msitu wa Sokoke



Kila apitaye njia kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi huona mkono wake wa kushoto msitu uendao pamoja naye mwendo mrefu, hata karibu na Gede. Msitu huo ndio Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kadiri ya kilometa za mraba 420, nao huhesabiwa kuwa kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu wa asili vilivyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika mwaka wa 1943 uliandikwa kuwa msitu wa Serikali. Wengi wetu tumeupita mara nyingi tukiwa ndani ya gari, tukadhani ya kuwa msitu ni msitu, yaani miti tu, yote hali moja. Mwezi uliopita tulipata sababu ya kuukata kwa miguu, na mambo tuliyoyaona huko yafaa kuelezwa, kwa maana yawahusu wote walimao.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Nyumba moja ya rafiki zetu, wakaao kijiji kilicho ukingoni mwa msitu upande wa pili, walituandikia barua. Walikuwa wameuza mbuzi wao na ng'ombe mmoja wapate kununua shamba, na mashamba mawili yalikuwa mbele yao, yote mawili nje ya mpaka wa msitu. La kwanza lilikuwa ekari tano za mchanga mweupe, nalo lina mirihi mirefu iliyosimama vizuri, hata mtu akilitazama moyo wake hufurahi. La pili lilikuwa ekari tatu tu, udongo wake mwekundu, limejaa vichaka vilivyosongamana, halipendezi macho. Bei ya yote mawili ni moja. Mwenye mali alitaka jibu siku ya Jumamosi. Basi walituuliza, "Mwalimu, mwatushauri nini?"

Tulipoisoma barua hiyo hatukupata usingizi mwema, kwa sababu twalikuwa na deni. Miaka kadha wa kadha iliyopita ndugu yetu mdogo, wa tumbo moja nasi, alituuliza neno lilo hilo. Tulikwenda naye, tukatazama miti, tukamwambia kwa sauti ya mtu ajuaye, "Penye miti mikubwa pana rutuba. Nunua hapa." Akanunua, akakata, akachoma, akapanda. Mwaka wa kwanza mahindi yalimpita kimo. Mwaka wa pili yalimfika kifuani. Mwaka wa tatu yalisimama magotini, majani yake ya manjano, na mabua membamba kama fimbo za watoto. Ndugu yetu akaenda Mombasa kubeba mizigo, na mkewe akarudi kwao pamoja na watoto wawili. Watu wakasema kwamba ni mvivu. Na sisi tulisikia wakisema hivyo, tukanyamaza.

Kwa hiyo safari hii hatukutaka kujibu kwa maneno matupu. Tulisema moyoni, Twende kwanza tukaone kwa macho jinsi miti na udongo vinavyopatana. Tulifuatana na mwalimu mmoja wa shule, aliyechukua daftari lake, na kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuongoza wageni msituni. Yafaa mjue ya kuwa mtu haendi huko pasipo ruhusa na pasipo mwenye kuijua njia, kwa kuwa tembo wamo, na nyayo zao tulizikuta asubuhi ile ile.

Tuliondoka Gede alfajiri. Sehemu ya kwanza, iliyo upande wa bahari, ni nchi tambarare, na udongo wake ni mchanga wa rangi ya kijivu. Hapo miti ni ya namna nyingi na imesongana, hata jua lilipochomoza hatukuliona ila vipande vipande. Tuliona mbambakofi, mti ambao maseremala wa pwani waupenda kwa mbao zake, na mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu zilikuwa zimetawanyika chini. Tuliona na msandarusi, mti utoao ule utomvu mgumu ambao katika karne ya 19 ulichimbwa ardhini pwani yetu na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Chini ya miti majani makavu yalilala mazito. Kiongozi wetu akatuonyesha kichuguu cha majani, akasema ni kitanda cha sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye maisha yake yote hupekua majani hayo akitafuta wadudu.

Tulichimba kwa jembe. Juu palikuwa na tabaka nyembamba ya mboji nyeusi, haizidi upana wa vidole vichache, nayo imejaa mizizi midogo kama nywele. Chini yake, mchanga. Mwalimu akastaajabu, akauliza, "Je, miti hii mikubwa yote yala tabaka hii ndogo?" Kiongozi akacheka, akajibu, "Ndiyo, Mwalimu. Na yaila upesi, kabla mvua haijaichukua."

Neno hilo ndilo mlango wa habari yote, basi na tulieleze vizuri. Mti huhitaji maji, na pamoja na maji huhitaji chumvichumvi za ardhi, kama fosforasi, potasiamu na kalisi, tena na naitrojeni. Chembe za mchanga ni kubwa, na nafasi zilizo kati yao ni kubwa vilevile. Maji hupita upesi, na chumvi zile hushuka pamoja nayo. Chembe za udongo wa kufinyanga ni ndogo mno. Hizo hushika maji, na hushika chumvi pia. Sasa msitu uliosimama juu ya mchanga hauna ghala chini ya ardhi. Mali yake iko juu, katika majani, matawi na mashina. Jani likianguka, mchwa na kuvu hulivunjavunja, na mizizi iliyo karibu huirudisha chumvi ile mtini kabla haijapotea. Ni kama mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo auzungushaye upesi. Duka lake hujaa bidhaa, nawe ukilitazama wadhani ni tajiri, kumbe akikosa mzunguko wa mwezi mmoja tu, amefilisika. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Upande huu wa bahari msitu hupata mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka, na mvua hiyo husaidia kuuzungusha mtaji. Ndiyo maana miti yake ni mirefu na ya namna nyingi, ijapokuwa mchanga wake si wenye nguvu.

Hata jua lilipokuwa limepanda, tuliona nchi imebadilika. Ilikuwa kama kuvuka kizingiti cha mlango. Kiza kiliisha, upepo ukapita, na chini ya miguu yetu palikuwa na mchanga mweupe uliolegea, hata nyayo zetu zilizama. Miti ilikuwa karibu yote ya namna moja, ndiyo mirihi, imesimama mbalimbali na matawi yake yametandaa kama miavuli. Ni mahali pazuri mno. Majani machanga ya mrihi hutoka mekundu kama shaba, kisha hugeuka kijani kibichi. Sisi tulisimama tukanyamaza, kwa sababu mahali hapa palifanana kabisa na shamba tulilomnunuza ndugu yetu.

Tulichimba tena. Mboji haikuwapo ila kama vumbi. Chini yake mchanga mweupe, na chini yake mchanga mweupe. Rangi hiyo nyeupe yenyewe ni habari. Katika udongo mwingi chembe za mchanga huwa zimepakwa kutu ya chuma, nayo hutoa rangi nyekundu au ya manjano. Palipo peupe, maji ya mvua ya miaka maelfu yameiosha ile kutu na udongo mwembamba, yakabakiza mchanga peke yake. Mchanga huo ndio maskini kuliko wote katika msitu huu.

Basi mrihi waishije? Kiongozi wetu akafukua polepole ncha ya mzizi, akatuonyesha. Ncha zake zilikuwa nene kidogo, zimefunikwa kitu kama pamba nyepesi. Hiyo ni kuvu, jamaa ya uyoga. Kuvu hii huufunika mzizi wa mrihi kama soksi, kisha huituma mikono yake miembamba mbali mchangani, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, na huko huitafuta fosforasi na kuuletea mti. Mti nao huilipa kuvu kwa sukari itengenezwayo na majani. Ni mapatano ya zamani, na kwa mapatano hayo mti mkubwa husimama palipo na chakula kidogo.

Sasa angalieni kosa letu. Mahindi hayana mapatano na kuvu ile. Mtu akiukata mrihi, ameivunja nyumba ya mwenye kujua njia, akamweka mahali pake mgeni asiyejua. Mwaka wa kwanza mahindi hustawi, kwa maana majivu ya miti iliyochomwa yana potasiamu, kalisi na fosforasi. Lakini majivu si ghala, ni karamu ya siku moja. Naitrojeni nyingi imekwisha kupanda mbinguni pamoja na moshi. Mvua za masika huja, huyaosha yaliyobaki na kuyashusha chini kuliko mizizi ya mahindi ifikapo. Kwa hiyo mwaka wa pili, kifuani. Mwaka wa tatu, magotini. Ndugu yetu hakuwa mvivu hata kidogo.

Baadaye njia ilianza kupanda, kwa kuwa sehemu ya kati na ya magharibi ya msitu ni nchi iliyoinuka. Mchanga mweupe ukaisha ghafula na nchi ikawa nyekundu kama tofali. Hapa mti mkuu ni ule ambao Wagiriama huuita mfunda, nao wataalamu huuita Cynometra. Miti imesongamana, lakini si mirefu kama ile ya asubuhi, na kadiri mtu aendeleavyo kaskazini na magharibi ndivyo miti izidivyo kuwa mifupi. Ndipo penye muhugu, mti mgumu ambao wachongaji wa sanamu wameukata sana. Ndipo pia akaapo bundi mmoja mdogo, asiyezidi shubiri moja kwa urefu, ambaye wataalamu hawakumjua hata mwaka wa 1965. Katika msitu huu wote bundi huyu hukaa juu ya udongo mwekundu kati ya mifunda, wala hatakuja kwenye mirihi. Ndege huyu, asiyejua kusoma, ameupima udongo vizuri kuliko sisi.

Tulipochimba hapa jembe lilipata kazi. Ni mchanga pia, lakini umechanganyika na udongo wa kufinyanga na kutu ya chuma, na ukiufinya ukiwa na maji hushikamana kama kitonge. Mwalimu akauliza swali jema. "Ikiwa udongo huu washika maji na chumvi kuliko ule mweupe, mbona miti yake ni mifupi kuliko ile ya mwanzo?" Jibu ni mvua. Pande za kaskazini-magharibi mvua hupungua hata kufika kadiri ya milimita 600 kwa mwaka. Tena kutu ya chuma, ijapokuwa yashika, yashika mno. Huifunga fosforasi hata mizizi hupata shida kuifungua. Basi tusiseme, Nyekundu ni njema, nyeupe ni mbaya, tukaishia hapo. Udongo na mvua ni mume na mke, na mavuno ni mtoto wao. Hatuwezi kumjua mtoto kwa kumtazama mzazi mmoja.

Tulipumzika mahali paitwapo Nyari, juu ya ukingo wa nchi ya kuinuka, ambapo mtu akigeuka nyuma huona msitu wote uliopitwa, na ng'ambo yake kijito cha Mida na bahari. Kutoka juu miti yote ilionekana kijani kimoja, wala mtu asingeweza kujua ya kuwa chini yake mna nchi tatu. Tulikula mihogo yetu, na mwalimu akatukumbusha ya kuwa si sisi watu wa pwani ya Kenya tu tuliodanganywa na kijani. Huko Usambara Mashariki, katika Tanzania ya leo, Wajerumani waliiona misitu mikubwa ya mlimani, wakaifyeka katika miaka ya 1890 wapate kupanda kahawa. Misitu ile ilisimama juu ya udongo mwekundu uliooshwa na mvua nyingi, wenye asidi na chumvi chache. Kahawa ikadhoofika, na mashamba yakashindwa. Leo katika milima hiyo mna mashamba ya chai, mmea uipendao asidi. Watu wale walikuwa na vitabu na fedha, nao waliupima udongo kwa kutazama miti, kama sisi.

Tulifika kijijini jua likitua. Tulipokwisha kuamkiana na kunywa chai, mzee wa nyumba akasema neno lake. "Ekari tano ni tano, Mwalimu. Na miti ile nitaichoma makaa, nirudishe fedha yangu." Tukamweleza yote tuliyoyaona, tangu mboji hata kuvu. Alisikiliza kwa adabu, lakini tuliona uso wake haujakubali. Ndipo mama wa nyumba, aliyekuwa akichambua mboga, akasema, "Walimu, nyinyi mwasema habari za miti. Sisi twala mahindi. Mashamba yenyewe mmeyaona?" Tukaona haya kidogo, kwa maana alisema kweli.

Asubuhi tulikwenda sote. Mama alichukua jembe, ndoo ya maji na kata. Katika shamba jeupe alichimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, akamimina kata tatu. Alipoinama kuweka kata chini na kuinuka, maji yalikuwa yamekwisha. Akamimina tatu nyingine, nazo zikaenda. Akachukua mchanga mbichi akaufinya, ukamwagika kati ya vidole. Hakusema neno. Katika shamba jekundu alichimba shimo kama lile, akamimina kata tatu, kisha akakaa kitako juu ya gogo akatazama. Tulihesabu muda mrefu, na maji yalikuwa yakishuka polepole. Akaufinya udongo ule, ukashikamana, akampa mumewe mkononi. Akamwambia, "Baba, lile jeupe litatulisha mwaka mmoja. Hili ni dogo, lakini maji yake hayakimbii."

Mzee aliugeuzageuza ule udongo mkononi kwa muda. Mwisho akauliza, "Na vichaka?" Mama akajibu, "Vichaka tutavikata sisi. Rutuba tutaikata wapi?" Basi walinunua ekari tatu. Tuliwashauri wasichome vichaka vyote, bali wayalaze majani juu ya ardhi yaoze, wachanganye kunde na mahindi, wapande mvua za kwanza, na samadi ya mbuzi waliobaki waipeleke shambani wala wasiiache zizini. Tena wasione msitu kuwa adui aliyekalia ardhi yao. Tangu mwaka wa 1993 nyumba nyingi za kandokando ya Sokoke zimepata fedha kwa kufuga vipepeo na kuuza mabuu yao yaliyokwisha kujifunga, na kazi hiyo haiwezekani miti ikiisha.

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi walimu, twawaomba jambo moja. Wapelekeni watoto nje ya darasa na jembe na kata ya maji. Wachimbe penye mti mkubwa, wachimbe penye kichaka, wachimbe na shambani kwa wazazi wao. Wapime maji, wafinye udongo, waandike. Habari ya mpanzi aliyemwaga mbegu katika ardhi za namna nyingi wameisikia tangu utoto, basi na waijue kwa mikono. Na ninyi wenye nyumba, mtu akishindwa shambani, msiseme upesi kwamba ni mvivu. Ulizeni kwanza alipewa udongo gani, na nani alimshauri.

Katika kurudi tulipita penye shamba la ndugu yetu. Hakuna alimaye. Lakini visiki vya mirihi alivyovikata vilikuwa vimechipua, na machipukizi yake yametupita kimo, yamenyooka, yenye afya, palepale ambapo mahindi yalisimama magotini. Tulikaa hapo kitambo. Tulipofika nyumbani tulimwandikia barua, tukamwambia ya kuwa kosa lilikuwa letu, si lake, na ya kuwa tutalisema hivyo mbele ya wale waliomwita mvivu.

Jibu lake limekuja juma hili. Ni fupi. Hakutaja kosa wala msamaha. Ameuliza tu kama mikorosho yaweza kuota katika mchanga ule mweupe. Tumemjibu kwamba yaweza, kwa kuwa mkorosho huvumilia mchanga, na kwamba mashimo tutayachimba sisi kabla ya masika.

Wasalamu.